Nikipimwa nikaonekana sawa, si nitakuwa mwongo?

Shikamoo Shangazi,

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara kadhaa, basi leo naituma kabla sijabadili nia. Naomba usitaje jina langu wala ninapoishi.

Nina miaka 41, nimeolewa, nina watoto wawili. Kazi yangu ni ya kukaa; asubuhi hadi jioni niko mbele ya kompyuta. Urefu wangu ni sentimita 163 na leo alfajiri mizani imesema kilo 82. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na kilo 85. Nikajifunga kibwebwe, nikala kalori 1,200 kwa siku, nikatembea kila alfajiri, na ndani ya miezi minane nikafika 71. Nilisifiwa hadi nikaona haya. Nikagawa nguo zote za zamani, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu, maana uzito ukaanza kurejea polepole kama mgeni anayeijua njia. Mwaka huu nimerudi kwenye zile 1,200. Huu ni mwezi wa nne na mizani haibanduki kwenye 82. Leo itapanda nusu kilo, kesho itashuka nusu kilo, basi.

Mume wangu si mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Lakini mwezi uliopita tulikuwa na wageni, mazungumzo yakafika kwenye mambo ya unene, naye akasema, "Huyu wangu anakula kwa siri. Hewa hainenepeshi mtu." Wageni wakacheka. Mimi pia nikacheka. Usiku ule sikupata usingizi.

Sasa, kocha wa jimu ninakofanyia mazoezi ameniambia kuna kipimo. Unalala kimya, unafunikwa kichwa, mashine inasoma pumzi zako, kisha inakwambia mwili wako unatumia kalori ngapi ukiwa umetulia tu. Akasema, "Inawezekana mwili wako umezima jiko, ndiyo maana hushuki." Shangazi, sijui nikueleze vipi nilivyofarijika. Nilijiona nimeshika karatasi ile, naiweka mezani mbele ya mume wangu, sisemi neno.

Halafu usiku likanijia wazo jingine. Je, karatasi ikisema niko sawa na wanawake wengine? Itakuwa yeye ndiye aliyesema kweli, na mimi miezi minne yote najidanganya.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Nina daftari ninaloandika kila ninachokula. Karibu kila ninachokula. Kuna siku, watoto wakishalala, huingia jikoni bila kuwasha taa, nikala kilichobaki kwenye sufuria nikiwa nimesimama, haraka haraka, na asubuhi sikiandiki. Si kila siku. Ni mara mbili kwa wiki, pengine tatu. Najiambia ni vijiko vichache tu.

Nimejaribu njia za bure. Kikokotoo cha mtandaoni kimenipa kalori 1,473 za mapumziko. Mizani yangu, ile inayounganishwa na simu, inasema 1,390. Saa yangu ya mkononi inasema 1,610. Nimwamini nani? Kipimo chenyewe kitanila karibu robo ya mshahara wa mwezi. Dada yangu, ambaye anakula atakavyo na haongezeki hata gramu, anasema niende nijue moja. Rafiki yangu anasema nitupe mizani jalalani nipumzike.

Siku hizi pia nachoka mno, nasikia baridi wenzangu wakiwa wamevaa nguo nyepesi, na nywele zinakatika. Najua huo ni umri, wanasema ukivuka 40 mwili unapunguza mwendo. Jambo la mwisho ni la kitoto: sipendi kufunikwa uso. Hata shuka likinipita puani natoka jasho.

Niende, nisiende?

Aliyechoka na Namba


Marahaba, mwanangu.

Mara ya kwanza niliisoma barua yako kama swali la mashine. Nilipoirudia nikaona ni kesi. Mshtaki yupo, mshtakiwa yupo, wageni wamekaa kama wazee wa baraza wakacheka, daftari ni shahidi asiyesema yote, na wewe unatafuta hakimu wa plastiki na mipira aje akusafishe. Ndiyo maana unamtamani na kumwogopa kwa pamoja. Sitakukataza kwenda na sitakusukuma. Nataka tumtazame vizuri huyo hakimu kabla hujampelekea shauri lako pamoja na robo ya mshahara.

Kipimo chenyewe si ulaghai. Mwili huunguza chakula kwa oksijeni na kutoa kabonidioksidi, kwa hiyo anayejua kiasi cha hewa hizo mbili anajua moto unawaka kwa kiasi gani. Wazo hili lina umri. Katika miaka ya 1780 huko Ufaransa, wanasayansi Lavoisier na Laplace walimweka mnyama mdogo ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakalinganisha barafu iliyoyeyuka na hewa aliyotoa, wakaona kwamba kupumua ni kuungua, ila kwa utaratibu. Mwaka 1949 mtafiti aitwaye Weir akatoa kanuni ya hesabu inayotumika kwenye mashine hizi hadi leo. Lita moja ya oksijeni ni karibu kalori 5. Mtu wa umbo lako akilala kimya hutumia mililita 200 hivi kwa dakika, yaani kama kikombe kimoja cha chai.

Basi, hayo ndiyo mashine inayoyajua: hewa ya robo saa au nusu saa, asubuhi moja, umelala. Haijui ulikula nini jana. Haikuona daftari, haikuona sufuria. Ikisema mwili wako unatumia kalori nyingi haijasema wewe ni mwongo, na ikisema unatumia chache haijasema wewe ni mkweli, kwa sababu ulaji haiupimi kabisa. Umempelekea hakimu shauri ambalo haliko mahakamani kwake.

Tuje kwa lile jiko la kocha. Kauli yake ni tamu, lakini jiko hili likizimika watu huchimba kaburi. Ubongo, ini, moyo na figo, ambavyo vyote kwa pamoja havifiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wako, ndivyo vinavyokula zaidi ya nusu ya nguvu unayotumia ukiwa umetulia, na havina likizo. Misuli iliyopumzika ni kalori 13 hivi kwa kilo kwa siku, na mafuta ni 4 au 5. Ndiyo maana watu wa umbo, umri na jinsia moja kwa kawaida hawaachani kwa mbali kama tunavyodhani tukimtazama jirani akila. (Dada yako anayekula "atakavyo" pia sina hakika kama umewahi kukaa naye wiki nzima ukimhesabia. Wapo watu ambao wanachokitaka ni kidogo.)

Hata hivyo kocha hakutunga. Mtu akishuka uzito mwili hupunguza matumizi, na wakati mwingine huyapunguza kupita kiasi ambacho uzito mpya ungeeleza. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha habari za watu 14 waliokuwa wameshindana kupungua kwenye televisheni, wakashuka makumi ya kilo kwa miezi michache. Miaka sita baadaye wengi walikuwa wamerudishiwa sehemu kubwa ya uzito, na bado miili yao ikiwa imetulia ilitumia wastani wa kalori 500 hivi kwa siku chini ya ilivyotarajiwa. Habari hii husimuliwa sana kutisha watu. Lisilosimuliwa ni kwamba waliofaulu zaidi kuuzuia uzito usirudi ndio hasa waliokuwa na punguzo kubwa zaidi. Kwa hiyo hata ukipewa namba ndogo, haijakufungia mlango. Na wewe ulishuka kilo 14 kwa miezi minane, mwendo wa mtu mwenye akili zake, si mashindano.

Namba zako tatu ulizoniandikia, kwangu mimi hazigombani. Ile 1,473 imetokana na kanuni ya watafiti Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990. Nimeirudia kwa kalamu kwa kutumia uzito, urefu na umri wako, nikaipata hiyo hiyo. Mizani na saa nazo hazijapima pumzi yako, zinakisia kwa kanuni zao. Kanuni nzuri humkaribia mtu kwa asilimia 10 juu au chini mara nyingi, ingawa si mara zote, na kwa wenye uzito mkubwa hukosea zaidi. Chukua 1,473, toa sehemu ya kumi, ongeza sehemu ya kumi: kuanzia 1,325 hadi 1,620. Mizani iko humo, saa iko humo. Mashine ya pumzi ingekuonyesha uko wapi ndani ya uwanja huo, au kama uko nje yake. Hiyo ndiyo bidhaa unayouziwa, na kwa baadhi ya watu ina thamani: mgonjwa anayelishwa hospitalini, mwanamichezo anayeshukiwa kuwa hali chakula cha kutosha, mtu ambaye kanuni zimemkosea kwa mbali.

Sasa naomba tufanye hesabu moja pamoja, nawe usinikimbie katikati. Nguvu ya mapumziko ni kama asilimia 60 hadi 70 ya matumizi ya siku kwa mtu asiyefanya kazi nzito. Nyingine ni kutembea, kusimama, kuhangaika na watoto, na ile ya kusaga chakula chenyewe, ambayo ni karibu sehemu moja ya kumi. Tukiichukua 1,473 tukaizidisha kwa 1.4, mtu anayekaa kama wewe anafika 2,060 hivi. Haya, tuseme kocha amepatia, mashine ikakukuta chini kwa asilimia 15. Hiyo ni 1,250 ukiwa umetulia, na kwa siku nzima 1,750. Ukila 1,200 kweli, bado unadaiwa kalori 550 kila siku. Kwa miezi minne, hata mwili ukibana matumizi, hata maji yakijificha mwilini kwa wiki kadhaa kama yanavyofanya hasa karibu na hedhi, mizani ingekuwa imesogea kilo kadhaa.

Umeona tulipofika? Hata karatasi uliyoiota, ile ya kuweka mezani bila neno, isingeeleza mizani iliyoganda. Nimelisema hili kwa sababu ningeona vibaya ulipe ndipo uligundue ukiwa peke yako kwenye kiti cha kliniki.

Ila usiende mbio kusema, "Basi mimi ni mwongo." Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwachukua watu kumi waliokuwa wakisema kama wewe: wanakula chini ya 1,200 na hawashuki. Walipopimwa, miili yao ilikuwa ya kawaida. Walichokula kilikuwa karibu mara mbili ya walichoandika, na mazoezi waliyoyaandika yalizidi waliyoyafanya kwa nusu nzima. Mimi nikiwasoma watu wale siwaoni waongo, kwa kuwa walikubali wenyewe kuchunguzwa, na mwenye kuficha hakubali. Kuandika chakula ni kazi ngumu. Hata wataalamu wa lishe wameshapimwa, nao wakakutwa wameandika pungufu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120 hivi. Nani anamimina mafuta huku akihesabu? Kuonja unapopika, mabaki ya watoto ambayo hutaki yatupwe, Jumamosi ambayo daftari limebaki mkobani. Haya yote hayahitaji siri.

Na ile siri yako ya gizani, mwanangu, mimi naiona tofauti na unavyoiona wewe. Wewe umeipitisha katikati ya habari kama kosa la pembeni. Mimi naona ndiyo sehemu iliyo hai kuliko zote katika barua. Mtu anayejibana mchana kutwa kwa kiasi kilicho chini ya kile ambacho viungo vyake vinahitaji akiwa amelala tu, kisha usiku akajikuta amesimama mbele ya sufuria akila haraka haraka, si lazima awe mlafi. Mara nyingi ni njaa ya mchana inayokuja kudai haki yake usiku. Kisha aibu, kisha kesho kujibana zaidi kufidia, kisha usiku tena. Je, siku unazoingia jikoni ni zile ulizokula kidogo zaidi mchana? Au ni zile ulizosemwa? Ningependa uziangalie kwa wiki mbili, bila kuzikemea. Na kama wakati ule unahisi huwezi kusimama hata ukitaka, au unakula hadi kuumia, au ukimaliza unatafuta njia ya kukitoa, basi hilo lina jina kwa madaktari na lina tiba, na mtu wa kuzungumza naye ni mshauri wa saikolojia au daktari anayeyajua matatizo ya ulaji. Hapo mashine ya kuhesabu kalori inaweza kungoja. Kwa baadhi ya watu wenye shida hiyo, namba mpya huwa fimbo mpya.

Hapo ndipo hofu yangu kubwa kuhusu kipimo ilipo, zaidi ya fedha. Keti ujiulize kabla ya kulipa: nikiambiwa 1,300, kesho nitabadilisha nini? Nikiambiwa 1,550? Kama jibu la kwanza ni "nitashuka hadi kalori 1,000" na la pili ni "nitashuka hadi 1,000 kwa kujiadhibu", namba haijakusaidia kuamua kitu, ulikuwa umeshaamua. Lakini kama kuna mtaalamu wa lishe atakayekaa nawe aichukue namba ile, pengine akuambie ule zaidi ya 1,200 mchana ili usiku utulie, hapo karatasi inaweza kukupa ujasiri wa kula. Nimewahi kuona inafanya hivyo. Mtu akionyeshwa kwa macho yake kwamba mwili wake unadai zaidi ya 1,400 akiwa amelala tu, huacha kuona 1,200 kama uchoyo wa lazima.

Lile la umri nalo nilikatae kidogo. Mwaka 2021 zilichapishwa takwimu za watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wachanga hadi wazee wa miaka tisini na kitu. Ukishaondoa tofauti za ukubwa wa mwili, matumizi ya nguvu hayakushuka kati ya miaka 20 na 60. Baada ya hapo ndipo huanza kupungua taratibu. Kinachobadilika katikati ya maisha mara nyingi ni misuli, usingizi, mwendo na shughuli. Kwa hiyo uchovu wako, baridi unayoisikia peke yako na nywele zinazokatika, tafadhali usizizike chini ya neno umri. Inawezekana ni tezi ya thairoidi iliyo shingoni kufanya kazi kwa uvivu. Inawezekana ni upungufu wa damu. Inawezekana ni kule kujibana kwenyewe. Daktari anaweza kuagiza kipimo cha damu cha homoni ya tezi na cha wingi wa damu, na hivyo huonyesha ugonjwa unaotibika, jambo ambalo mashine ya pumzi haiwezi. Ikisoma chini haikwambii kwa nini. Katika yote niliyoandika, hili la daktari ndilo nisingependa uliahirishe, kipimo cha kocha uende nacho au uache.

Ukiamua kuiacha ile mashine, hujabaki gizani. Mwili wako wenyewe ni kipimo, tena cha bure, ila kinataka subira: wiki tatu au nne za kuandika kila kitu, pamoja na vya jikoni usiku, bila kujaribu kupungua, na kupima uzito asubuhi mara kadhaa kwa wiki ukachukua wastani. Uzito ukisimama, wastani wa ulichokula ndio matumizi yako ya siku nzima, si ya mapumziko tu. Hatari yake unaijua: daftari likiwa mahakama, halitasema kweli. Na kama kuandika kunakuzidishia wasiwasi, usiandike. Rafiki yako wa jalalani si mjinga, ingawa amelisema kwa ukali.

Ukiamua kwenda, uliza kwanza mashine ni ipi. Zipo ndogo za kushika mkononi zinazopima oksijeni pekee na kuikisia kabonidioksidi. Zipo zinazopima zote mbili. Uliza nani ataisoma karatasi, maana kocha anayeuza kipimo na kisha kuuza mpango wa kula ana mikono miwili mfukoni mwako. Usile tangu usiku, usinywe kahawa wala chai asubuhi hiyo, usivute sigara, na jana yake usifanye mazoezi mazito. Ukifika wakulaze nusu saa hivi kabla ya kuanza, na dakika tano za mwanzo zisihesabiwe. Ukifika unahema kwa kukimbilia foleni, namba itapanda nawe utafurahia bure. Hata ukifuata yote, namba ya Jumatatu na ya Alhamisi zinaweza kupishana kwa asilimia 3 hadi 5, kwa hiyo usilie kwa kalori 40.

Kuhusu mume wako nina swali tu. Umeandika kwamba alisema, wageni wakacheka, ukacheka. Hukuandika kwamba ulimwambia imekuuma. Pengine ulimwambia ukasahau kuniandikia. Kama hukumwambia, yeye hadi leo anajua mlicheka pamoja. Na karatasi ukiiweka mezani kimya kimya, ataiona kama jibu la hoja ya kalori, aisome, aseme "kumbe", au abishe na mashine. Lile la kukufanya kichekesho mbele ya watu litabaki palepale. Huenda ukaona hujawa tayari kuzungumza naye, na hiyo pia naielewa; maneno ya unene ndani ya nyumba ni mazito kuyafungua. Hatari ya kuyafungua ni kwamba anaweza kurudia mzaha. Hatari ya kutoyafungua ni kwamba utaendelea kutafuta vyeti.

Uso kufunikwa si jambo la kitoto. Kuba yenyewe ni ya plastiki inayoonyesha, unaona dari na unaona mtu aliye pembeni, na hewa inapitishwa ndani muda wote. Kuna wanaotumia barakoa, au kipande cha mdomoni pamoja na kibanio cha pua, na wengine hukiona hicho ndicho kigumu zaidi. Piga simu mapema uwaambie. Waombe ufike siku moja kabla, ujaribu dakika mbili bila kupimwa, na mkubaliane ishara ya mkono ya kusema "ondoeni". Mtu aliyelala na hofu kifuani hupumua haraka, na namba atakayopewa itakuwa ya hofu yake.

Niandikie daktari atakachokwambia.

Shangazi